Masizi nanogramu 35 kwa gramu ya theluji: ni mengi au ni kidogo?

Chujio_la_Juu aliuliza:

Wakuu, naomba msaada wa kusoma namba hizi. Ni sampuli za theluji kutoka juu ya mto wa barafu, kama mita 5,200 kutoka usawa wa bahari, mwanzoni mwa msimu wa kuyeyuka. Tabaka la juu limetoa masizi (kaboni nyeusi) nanogramu 35 kwa gramu ya theluji. Sentimita 20 chini yake, nanogramu 6. Maabara imeleta jedwali tu, maelezo hakuna.

Nanogramu 35 kwa gramu ni sawa na gramu 35 za masizi ndani ya tani elfu moja za theluji. Kitu kidogo namna hiyo kinayeyushaje barafu? Namba hiyo inageuzwaje kuwa maji, yaani milimita au lita? Na je, juu kuwa karibu mara sita ya chini ni ushahidi kwamba moshi umeongezeka mwaka huu?

Pima_Jua alijibu:

Naanza na la kwanza, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Punje moja ya theluji ukiiangalia kwa karibu ni kama kioo, si nyeupe. Weupe unatokea pale mwanga unapopita kwenye punje nyingi, ukipinda na kurudishwa huku na huku mpaka sehemu kubwa inatoka tena juu. Barafu safi karibu haimezi kabisa mwanga unaoonekana, kwa hiyo mwale unaweza kuzunguka humo ndani safari ndefu bila kupungua. Urefu wa safari hiyo ndio unaoyapa masizi nguvu. Chembe ni chache, ndiyo, lakini kila mwale unapita karibu nazo mara nyingi, na ukishakamatwa na chembe hautoki. Unageuka joto palepale katikati ya punje.

Sasa, hiyo inahusu mwanga unaoonekana tu, ambao ni takribani nusu ya nishati ya jua. Nusu nyingine ni mionzi tusiyoiona, na hiyo barafu yenyewe inaimeza. Kinachoamua kiasi chake ni ukubwa wa punje. Ndiyo maana huwezi kuniambia "35" bila kuniambia ni theluji ya namna gani. Kwenye theluji mpya yenye punje ndogo, mwanga hauendi mbali kabla ya kurudi juu. Kwenye theluji kuukuu yenye punje za milimita moja, mwanga huzama zaidi, hukutana na chembe nyingi zaidi, na masizi yaleyale hufanya madhara makubwa zaidi.

Kwa vipimo vya kawaida, theluji mpya huakisi 0.80 hadi 0.90 ya jua lote. Theluji kuukuu iliyolowa hushuka hadi 0.50 au 0.70. Barafu iliyo wazi ya mto huwa 0.30 hadi 0.40, na ikichafuka sana hupungua chini ya 0.20. Masizi yako ya 35 peke yake yanashusha uakisi kwa kama 0.01 kwenye theluji mpya, na kuelekea 0.02 kwenye theluji ya punje kubwa. Ukisimama hapo huoni tofauti yoyote kwa jicho. Bado ni nyeupe inayoumiza macho.

Hesabu ya maji ni hii. Chukua wastani wa jua la usiku na mchana, wati 250 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 0.02, unapata wati 5. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni jouli 432,000 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika nyuzi 0 kunataka jouli 334,000. Gawanya: kilo 1.3, yaani milimita 1.3 za maji kwa siku. Kwa siku 30 ni milimita 39, ambazo kwenye kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 39,000.

Zingatia neno "iliyokwisha kufika nyuzi 0". Kama theluji iko nyuzi 10 chini ya sifuri, nishati hiyo itaanza kuipasha joto kwanza. Tabaka la sentimita 20 lenye uzito wa kilo 300 kwa mita ya ujazo ni kilo 60 kwa mita ya mraba. Kulipandisha nyuzi 10 kunataka jouli kama milioni 1.26, karibu siku tatu za ile nishati ya ziada. Na usiku linapoa tena. Kwa hiyo masizi ya katikati ya majira ya baridi hayayeyushi kitu siku ile yanapotua. Yanangoja.

Koleo_na_Mzani alijibu:

Pima_Jua amemaliza ya jua, mimi niingie kwenye lile swali la mwisho, kwa sababu hapo mkuu unakaribia kuteleza.

Jibu fupi: hapana, juu kuwa mara sita ya chini hakuthibitishi kwamba moshi umeongezeka. Theluji ikiyeyuka, maji yanashuka na masizi mengi yanabaki. Chembe za masizi hazipendi maji, hasa zikiwa changa, kwa hiyo hazisombwi kirahisi. Uso unazidi kuwa mchafu hata kama hakuna chembe mpya iliyotua.

Fanya hivi kwenye karatasi. Theluji yote ina nanogramu 10 kwa gramu, juu hadi chini. Kilo 50 kwa mita ya mraba zikayeyuka. Ndani yake mlikuwa na mikrogramu 500 za masizi. Tuseme sehemu moja ya tano imesombwa na maji. Mikrogramu 400 zimebaki usoni. Sasa unakata sampuli ya sentimita 2 ya juu. Kwa uzito wa kilo 400 kwa mita ya ujazo, hizo ni kilo 8 kwa mita ya mraba, nazo zina mikrogramu 80 zake za asili. Jumla 480, gawanya kwa 8: nanogramu 60 kwa gramu. Imeruka mara sita bila moshi wowote mpya!

Mwenzako akija mahali palepale akakata sentimita 5 badala ya 2, ana kilo 20 zenye mikrogramu 400 pamoja na 200. Atapata 30. Wewe 60, yeye 30, theluji ni moja. Halafu mnaandika ripoti mbili zinazopingana.

Kwa hiyo "tabaka la juu" haitoshi. Unene wa kila kipande ni upi, na uzito wake kwa ujazo ni upi? Bila hivyo viwili huwezi kupata mzigo wa masizi kwa mita ya mraba, na mzigo huo ndio unaoweza kulinganishwa kati ya mahali na mahali au mwaka na mwaka.

Ukirudi mlimani, chimba shimo ambalo ukuta wa kupimia hauchomwi na jua. Utaratibu ni huu:

– Kaa upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kambini, usiwe kinyume, na uwe mbali na jiko la mafuta, jenereta na sigara. Jiko moja la petroli linatosha kuharibu siku nzima ya kazi.
– Kwangua sentimita chache za ukuta kwa koleo safi kabla ya kukata. Kata kutoka chini kwenda juu, ili uchafu wa juu usidondokee sampuli za chini.
– Uso ukate mwembamba: 0–2, kisha 2–5, kisha 5–10. Huko chini vipande vya sentimita 10 vinatosha.
– Pima uzito wa kila kipande kwa kikata-theluji chenye ujazo unaojulikana, andika na joto la tabaka na ukubwa wa punje.
– Beba maji safi ya maabara uyapitishe kwenye mifuko na vyombo vilevile, yaani sampuli tupu. Watu huiruka hii, halafu wanashindwa kujua kama zile nanogramu 6 ni za theluji au za mfuko.

Sampuli ibaki imeganda hadi siku ya kuchuja. Ikiyeyuka njiani ikaganda tena, masizi hushikana mabonge na mengine hung'ang'ania kuta za chombo, hasa plastiki. Yeyusha haraka ndani ya kioo, itie kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 10 hadi 15, chuja saa hiyohiyo.

Chujio_la_Juu:

Ahsanteni sana. Unene nimeuliza: juu ilikatwa sentimita 3, uzito kama kilo 350 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo kilo 10.5 mara 35, mzigo ni kama mikrogramu 368 kwa mita ya mraba. Nimeelewa.

Kingine: walichuja lita moja kwa kila sampuli kwenye karatasi ya nyuzi za kwatzi ya milimita 47, wakachoma kupima kaboni. Karatasi ya juu imetoka na rangi ya hudhurungi, siyo kijivu. Hilo lina maana gani?

Vumbi_na_Moshi alijibu:

Hudhurungi ni vumbi la madini, karibu kwa hakika. Karatasi yenye masizi matupu huwa ya kijivu kwenda nyeusi. Na hapo namba yako ya 35 inaingia mashakani kwa njia mbili zinazovutana.

Njia hiyo ya kuchoma huipasha karatasi moto hatua kwa hatua, kwanza kwenye gesi isiyo na oksijeni ili kaboni ya ogani iondoke, kisha kwenye oksijeni ili masizi yaungue. Vumbi linaharibu mpangilio huo. Madini ya chokaa yakipata joto kali hutoa kaboni dioksaidi yake, na mashine inaihesabu kama kaboni ya sampuli. Oksidi za chuma nazo hutoa oksijeni mapema, masizi yanaungua kabla ya zamu yake na kuhesabiwa kama ogani. Ya kwanza inaweza kuongeza, ya pili inapunguza. Chokaa inaondolewa kwa kuiweka karatasi kwenye mvuke wa asidi ya haidrokloriki kabla ya kuchoma. Chuma hakina dawa rahisi hivyo.

Pia kuna kuvuja. Nyuzi za kwatzi hazikamati chembe zote ndogo zilizo ndani ya maji. Weka karatasi ya pili chini ya ya kwanza kwenye sampuli chache. Ikionyesha masizi, unajua kiasi gani kinapita. Na karatasi zenyewe zichomwe nyuzi 550 kwa saa kadhaa kabla ya kutumika.

Ile sampuli ya nanogramu 6 ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Lita moja ina mikrogramu 6 za masizi. Karatasi ya milimita 47 huwa na eneo wazi la kama sentimita za mraba 12.6, kwa hiyo ni mikrogramu 0.48 kwa sentimita ya mraba. Kikomo cha chini cha mashine hizo ni kama 0.2. Uko ukingoni. Tumia faneli yenye mdomo wa milimita 16, eneo lake sentimita za mraba 2, na masizi yaleyale yatakupa mikrogramu 3 kwa sentimita ya mraba. Ila sampuli za juu zenye vumbi zitaiziba, hizo ziache kwenye faneli kubwa.

Kama kuna maabara yenye kipima-masizi cha leza kinachopasha chembe moja moja hadi ing'ae, peleka sampuli pacha. Vumbi haliisumbui sana. Kasoro yake ni kwamba maji lazima yapulizwe kuwa ukungu kwanza, na chembe kubwa nyingi hupotea hapo. Masizi ya kwenye theluji mara nyingi huwa makubwa kuliko ya hewani.

Na tafadhali, pima vumbi lenyewe. Gramu kwa gramu, masizi humeza mwanga mara makumi kuliko vumbi, lakini vumbi huja kwa mikrogramu na miligramu, si nanogramu. Kwenye milima ya Colorado, Marekani, vumbi la jangwani ndilo linaloongoza kuharakisha kuyeyuka kwa theluji. Kwenye milima ya Alps, Ulaya, nako vumbi la Sahara hugeuza miteremko kuwa rangi ya chungwa. Kuna na mwani: ule mwekundu wa kwenye theluji na ule wa zambarau-hudhurungi wa kwenye barafu wazi. Ukiyahesabu masizi peke yake kwenye uso uliochafuliwa na vyote vitatu, utayapa kosa lisilo lake. Athari hazijumlishwi kirahisi: uso ukiwa umeshatiwa giza na vumbi, nanogramu 35 za ziada hazishushi uakisi kama zingeangukia theluji safi.

Koleo_na_Mzani:

Nyongeza ndogo kwa alichosema Vumbi_na_Moshi. Kabla mtu hajapendekeza setilaiti: kwa masizi ya kiwango hiki haisaidii. Kushuka kwa 0.01 au 0.02 kunalingana na makosa yanayotokana na mteremko, ukungu mwembamba na ukubwa wa punje. MODIS, kipima-picha kilichoko kwenye setilaiti, ina kipimo cha mita 500 kwa kila nukta, ndani yake mna mwamba, kivuli na theluji pamoja. Inafaa kuona vumbi zito au siku ambayo barafu imeachwa wazi.

Kwa uakisi, bora piranomita (kipima-mionzi ya jua) mbili kwenye mlingoti mmoja, moja ikitazama juu na nyingine chini, mita 1.5 kutoka kwenye theluji. Asilimia 90 ya mwanga unaofika ile ya chini hutoka ndani ya duara la nusu-kipenyo mara tatu ya kimo, yaani mita 4.5, kwa hiyo usiikanyage theluji hiyo. Soma ndani ya muda wa saa mbili kabla na saa mbili baada ya jua la utosi tu. Kila asubuhi futa sakitu kwenye kuba la kioo la juu. Sakitu ikikaa, kipimo cha jua linaloingia kinaharibika na uakisi unatoka namba za ajabu, hata zaidi ya 1. Na theluji ikiyeyuka mlingoti unainama, kagua timazi.

Tanuru_Baridi aliandika:

Hakuna aliyegusa chanzo. Masizi hukaa hewani kwa siku chache hadi wiki hivi, kisha mvua au theluji huyashusha. Kwa hiyo kinachofika mlimani kimetoka kwenye eneo lake, siyo upande wa pili wa dunia. Kituo cha utafiti kilichoko mita 5,079 karibu na mlima Everest kimeonyesha vizuri jinsi inavyokwenda: mchana jua linapasha miteremko, upepo wa bondeni unapanda, na hewa chafu inapanda nao; usiku upepo unageuka. Hali huwa mbaya zaidi Machi hadi Mei kabla ya mvua za monsuni, wakati mashamba yanachomwa, tanuru za matofali zinawaka na theluji ndiyo kwanza inafika nyuzi 0.

Cordillera Blanca huko Peru, wanasayansi walipima na kukuta mito ya barafu iliyo karibu na mji wa Huaraz ina uchafu mweusi zaidi kuliko iliyo mbali.

Habari njema ni kwamba wiki moja ni muda mfupi. Ukizima chanzo leo, hewa inasafika ndani ya siku chache, tofauti na kaboni dioksaidi. Vyanzo vinajulikana. Kibatari cha mafuta ya taa hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake kuwa kaboni nyeusi, na taa ya sola inakiondoa kabisa. Tanuru ambayo hewa yake inapita kwa kupinda-pinda kati ya matofali huunguza makaa vizuri kuliko ile ya zamani, mradi mlishaji aweke makaa kidogo kidogo mfululizo; akimimina mengi kwa mkupuo, moshi mweusi unarudi palepale. Kichujio cha masizi kwenye injini ya dizeli hukamata zaidi ya asilimia 90, lakini hakivumilii mafuta yenye salfa nyingi, na gari la safari fupi fupi halipati joto la kukisafisha. Linaziba, fundi anakitoboa, na kuanzia hapo gari linatoa moshi kama vile halijawahi kuwa nacho.

Na ndiyo sababu Alps zilianza kupoteza barafu karne ya 19, viwanda vilipoanza.

Pima_Jua:

Mkuu Tanuru_Baridi, mengine yote nakubali, ila hilo la mwisho lina ubishi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliosema hivyo: kwamba masizi ya viwanda ndiyo yaliyoanzisha kurudi nyuma kwa mito ya barafu ya Alps katikati ya karne ya 19. Mwaka 2018 wengine wakaja na kiini cha barafu (nguzo ndefu yenye matabaka ya miaka mingi) kilichochimbwa Colle Gnifetti, juu ya Monte Rosa, chenye tarehe zilizopangwa vizuri zaidi. Masizi ya viwanda yanaonekana kupanda humo kuanzia miaka ya 1870, na wakati huo mito ile ilikuwa imekwisha kurudi nyuma sehemu kubwa, karibu asilimia 80, ya umbali iliorudi katika karne hiyo. Tarehe hazikubaliani na hadithi. Masizi huongeza kasi ya kuyeyuka. Kuyafanya chanzo cha kila kilichoyeyuka ni kuyazidishia.

Vilevile, hesabu yangu ya milimita 1.3 isibebwe kupelekwa kila mlima. Kwenye vilele vikavu na baridi, kama barafu ya juu ya Kilimanjaro, sehemu kubwa hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Hilo linataka jouli milioni 2.83 kwa kilo, mara nane na nusu ya kuyeyusha. Zile jouli 432,000 zingeondoa milimita 0.15 tu.

Chujio_la_Juu:

Wakuu, mmenifungua macho. Kwa hiyo: tunarudia na faneli ndogo kwa sampuli za chini, karatasi ya pili chini yake, mvuke wa asidi kwa zile za hudhurungi, na vumbi linapimwa kwa uzito. Swali moja la haraka kwa Koleo_na_Mzani: kila sampuli iwe na theluji kiasi gani?

Koleo_na_Mzani:

Lengo ni lita 2 za maji kwa kila tabaka: moja ya karatasi, nusu ya leza, inayobaki ni ya vumbi na akiba. Tabaka la sentimita 2 kwa kilo 350 kwa mita ya ujazo ni kilo 7 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kwangua mraba wa sentimita 54 kwa 54. Ongeza hadi 60 kwa 60, maana pembeni huwezi kukata sawasawa. Na mfuko uandike kabla ya kuujaza, kalamu haishiki kwenye plastiki yenye barafu.